Kijaluba cha Mratibu na Orodha ya Namkonda

Ethel Chilumba aliachishwa kazi mwaka 1995 kwa barua aliyoichapa mwenyewe. Mkuu wa ofisi moja ya umma mjini Masasi alimpa majina kumi na saba, akamwambia achape barua kumi na saba zinazofanana, abadilishe jina tu. Jina la kumi na moja lilikuwa lake. Alilichapa bila kosa, akaweka nukta mahali pake, akampelekea mkuu asaini. Nchi ilikuwa inafungua milango kwa ulimwengu, redio ilisema hivyo kila siku, na inaelekea milango yenyewe ilikuwa myembamba, maana ili ulimwengu uingie ilibidi wachapaji watoke.

Alikuwa na miaka arobaini na miwili, mjane, mwanawe Cecil tayari mwalimu huko Nachingwea. Alifanya yale ambayo watu wote walioachishwa walishauriwa kufanya, yaani alijiajiri. Alikaanga maandazi. Aliuza mitumba karibu na stendi. Alishauriwa pia afuge kuku wa kisasa, akawafuga, wakafa kisasa, wote kwa wiki moja. Hata hivyo hakulalamika sana. Marehemu baba yake, aliyefundisha miaka mingi kule Chidya, alikuwa amemlea kwa Biblia na kamusi ya Kiingereza, na vitabu hivyo viwili vilimfundisha kwamba mambo mengi ya dunia hii hayana maelezo, na yale yenye maelezo yako kwenye maandishi madogo.

Mwaka 1999 ukaja Mradi wa Maji Uwandani. Wafadhili walitoka nchi moja ya baridi ambako maji, kwa maelezo yao, huanguka kutoka mbinguni yakiwa yameganda. Waliguswa na habari za wanawake wa vijiji vya Newala, juu kule kwenye uwanda, ambao huteremka bonde zima kufuata chemchemi na kupanda tena na ndoo kichwani. Kwa kuguswa huko wakafungua ofisi Masasi. Mtu alipouliza kwa nini ofisi iko Masasi wakati shida iko Newala, alijibiwa kwamba Newala hakuna maji ya uhakika, wataalamu wangeishije?

Ethel alipata kazi ya ukatibu muhtasi. Mratibu wa mradi alikuwa Bwana Fortunatus Nandonde, mwanaume wa miaka thelathini na minane, mnadhifu, mwenye mashati yaliyopigwa pasi mpaka mikono ikasimama. Siku za mwanzo alikuwa akiingia ofisini na kumwamkia, "Shikamoo, Mama Cecil," naye Ethel akimwitikia, "Marahaba, Baba Grace." Baada ya semina yake ya pili ya uongozi, shikamoo ikawa "habari za asubuhi". Baada ya ya tatu ikawa kutikisa kichwa. Na Baba Grace akataka aitwe Mratibu.

Semina ya nne ilikuwa Arusha, mwezi wa tano mwaka 2001, na kutoka huko alirudi na kile kifaa.

Kilikuwa kompyuta ya kiganjani, ya rangi ya kijivu, yenye kioo kidogo na kijiti chembamba cha kuandikia juu ya kioo hicho. Washiriki wote walipewa. Mratibu alikitoa mfukoni kwa vidole viwili kama shemasi anavyotoa mkate, akakiweka juu ya meza ya Ethel. Ethel alikitazama akamkumbuka bibi yake, aliyekuwa na kijaluba cha bati cha kutilia tumbaku, cha ukubwa huohuo, nacho kikifunguliwa kila mtu alipaswa kunyamaza. Tangu saa hiyo moyoni mwake akakiita kijaluba, na haikupita wiki ofisi nzima ikawa inakiita hivyo, mwenyewe akiwa hayupo.

Kijaluba kilikuwa na kiti chake cha plastiki, chenye waya uliochomekwa nyuma ya kompyuta ya mezani ya Ethel.

"Unakikalisha hapa," Mratibu alieleza, "unabonyeza kitufe hiki, halafu kifaa na kompyuta vinaoanishwa."

"Vinaoana?"

"Vinaoanishwa, Mama Cecil. Nyaraka zilizomo humu zinakuwa zilezile zilizomo humu."

"Na zikitofautiana?"

"Haziwezi kutofautiana. Ndiyo maana ya kuoanishwa."

Ethel, aliyeishi kwenye ndoa miaka kumi na tisa, alikitazama kifaa kwa huruma.

Mratibu akabonyeza kitufe. Kijaluba kikalia kama kifaranga. Kwenye kioo cha kompyuta kikatokea kisanduku cha maneno ya Kiingereza: waraka uitwao ORODHA upo pande zote mbili nao haufanani, je, upi uwe mshindi, wa kifaa au wa kompyuta? Mratibu hakusita. Alichagua kifaa. Kisha akaweka alama kwenye kijisanduku cha chini, kuagiza kwamba kifaa kishinde daima na swali la namna hiyo lisiulizwe tena.

"Hiki kimetoka Arusha," alisema, kama mtu anayemjulisha mgeni wa heshima kwa wenyeji.

Kilichotokea dakika ile Ethel alikuja kukielewa baadaye, lakini ni vizuri tukijue sasa. Mradi ulikuwa na orodha mbili za vijiji tisa. Ya kwanza ilitengenezwa mwezi wa kwanza na mshauri aliyekuja kwa siku nne na ramani nzuri sana. Kwenye ramani hiyo kijiji cha Namkonda kilikuwa kilometa moja tu kutoka kwenye chemchemi, kwa hiyo mshauri alikiweka cha saba katika foleni ya kupelekewa bomba. Ramani haikuonyesha kwamba kilometa hiyo ilikuwa inateremka. Kutoka ukingo wa uwanda mpaka chini ni njia ya mbuzi, na mwanamke wa Namkonda akiondoka alfajiri anarudi jua likiwa limeshapanda, ndoo moja, shingo imekakamaa.

Ya pili ilipatikana mwezi wa tano, Mratibu akiwa Arusha. Fundi mkuu wa mradi, Silvesta, mzee mpole wa Kiyao aliyestaafu kazi ya mabomba, aliziita kamati za vijiji vyote tisa Newala. Walikaa kutwa nzima. Walibishana kwa Kiswahili, wakagombana kwa Kimakonde, wakapatana tena kwa Kiswahili, na mwisho hata wale waliotaka kuwa wa kwanza walikubali kwamba Namkonda ndio wenye taabu kuliko wote. Ethel aliandika muhtasari, akaichapa orodha mpya kwenye kompyuta, akaipa jina lilelile la ORODHA, Namkonda namba moja. Mratibu, aliyekuwa ameondoka na ile ya zamani kwenye disketi, akarudi nayo ndani ya kijaluba, akabonyeza kitufe, na kikao cha kutwa nzima kikafutika kwa sauti ya kifaranga.

Siku mbili baadaye Ethel alifungua waraka ule ili autoe kwenye printa, akaikuta Namkonda ni ya saba. Alishangaa, akajilaumu, akadhani macho yameanza kuzeeka. Akairekebisha. Jioni Mratibu akakikalisha kijaluba kitini. Asubuhi Namkonda ikawa ya saba tena. Akairekebisha. Asubuhi ya tatu, ya saba. Alianza kuona haya, kama mtu anayefua nguo na kila akiianua anaikuta na doa lilelile. Alikuwa hajawahi kuambiwa kwamba amechapa vibaya, tangu enzi za mashine za chuma ambazo herufi moja ikikosewa ukurasa mzima unakwenda jalalani.

"Bwana Mratibu," alisema mwishowe, "hii orodha inajibadilisha."

"Kompyuta haijibadilishi, Mama Cecil. Kompyuta haina nafsi."

"Basi kuna mtu anaibadilisha."

"Labda umechoka. Chukua likizo fupi."

Silvesta, aliyekuwa pale akinywa chai, alichungulia ndani ya kikombe chake kwa makini sana. Mkataba wake ulikuwa unaisha Disemba.

Mwishoni mwa mwezi wa saba, wakati mikorosho yote inapuliziwa salfa na uwanda mzima unanuka kama kiberiti, Mratibu aliitisha kikao Newala ili atangaze rasmi. Walipanda kwa gari la mradi, kona baada ya kona, Ethel nyuma na daftari lake mapajani. Ukumbini walikuwepo watu kama themanini. Mbele kabisa alikaa Mwanasha, mwenyekiti wa kamati ya maji ya Namkonda, mwanamke mfupi mwenye nembo za kale zilizochanjwa usoni na sauti iliyozoea kuita watu toka ukingoni mpaka bondeni.

Mratibu hakubeba karatasi. Alisimama, akatoa kijaluba, akakigusa kwa kijiti, akangoja mpaka watu wote wamekiona. Halafu akasoma. Alisoma kijiji cha kwanza, kilichokuwa kandokando ya barabara kuu na chenye tangi la zamani linalofanya kazi. Akasoma cha pili, cha tatu. Alipofika cha saba akatamka "Namkonda" kwa sauti ileile ya matangazo ya vifo, akaendelea mpaka mwisho.

Watu wakatazamana. Wale wa kijiji cha barabarani ndio walioshtuka zaidi, kwa sababu walikuwa wameshakubali kungoja.

Mwanasha akasimama. "Shikamooni wakubwa. Mdogo wangu Mratibu, nangu mimi sijui kusoma hicho kidude. Lakini hapa hapa, kwenye benchi hili, tulikubaliana vingine. Namkonda wa kwanza. Mzee Silvesta yule pale, aseme."

Silvesta alikohoa, akaanza kutafuta leso.

"Mama," alisema Mratibu kwa upole wa mtu aliyefundishwa upole kwa siku tano, "taarifa hizi zimeoanishwa."

"Zimeoanishwa na nani? Hiyo ndoa sisi hatukualikwa."

Watu wakaangua kicheko, na kicheko hicho Mratibu hakukitegemea. Alitazama kijaluba, akamtazama Mwanasha, kisha macho yake yakatafuta pa kutua, yakatua kwa Ethel.

"Kama kuna tofauti," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma, "basi ni makosa ya uchapaji. Katibu muhtasi wangu amekuwa na matatizo siku hizi. Tutayashughulikia ofisini."

Watu themanini wakageuka. Ethel aliinamisha kichwa juu ya daftari na kuandika, maana ndiyo kazi yake: *Mratibu amesema ni makosa ya uchapaji.* Njiani kuteremka dereva alisema barabara ni mbaya, na hilo lilijulikana.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Ethel alisali, akala, kisha akafungua kitabu cha maelekezo ya kijaluba, alichokiazima kabatini bila kuomba. Kilikuwa cha Kiingereza, kurasa mia mbili, maandishi madogo. Alikisoma kama baba yake alivyomfundisha, na kamusi pembeni, hakuruka hata ukurasa wa onyo la kutokitumbukiza kifaa majini, shauri ambalo Newala lingekuwa gumu kulivunja. Ukurasa wa sabini na mbili aliikuta ile alama ya kijisanduku. Aliisoma aya hiyo mara tatu. Halafu akaweka kitabu chini na kulia, si kwa huzuni hasa. Macho yake hayakuwa yamezeeka.

Jumatatu alijaribu njia ya haki. Aliingia kwa Mratibu na kitabu kimefunguliwa.

"Samahani, Bwana Mratibu. Hapa wanasema kifaa kikiamriwa kishinde daima, cha zamani kinaweza kufuta kipya. Naona ndicho kilichotokea kwenye ORODHA. Ukiondoa alama hii tu..."

Mratibu alicheka, bila ubaya. "Mama Cecil, mambo haya tulifundishwa na mtaalamu. Kitabu hicho ni cha wasiohudhuria."

Basi Ethel akatoka. Saa saba mchana Mratibu alikwenda kula, akakiacha kijaluba kitini mwake kipate umeme, kwa kuwa siku hiyo Masasi ulikuwepo. Ethel alikwishairekebisha ORODHA asubuhi. Alikaa mbele ya kompyuta, akafungua mahali palepale pa ukurasa wa sabini na mbili, na kuagiza kwamba kuanzia sasa kompyuta ishinde. Daima. Kisha akabonyeza kitufe. Kifaranga kikalia. Akaifungua ORODHA ndani ya kijaluba: Namkonda, namba moja. Alirudi kuchapa barua ya kuagiza mabomba, na hakukosea hata herufi.

Lakini kitabu kilikuwa kimesema jambo jingine, ukurasa wa sabini na tatu, nalo alilisoma bila kulipa uzito. Kilichoandikwa kifaani na hakipo kwenye kompyuta, mshindi akiwa kompyuta, kinaondolewa. Na Mratibu alikuwa ametumia asubuhi nzima kuandika, kwa kijiti, herufi moja moja, barua ya kuomba kazi kubwa katika shirika fulani Dar es Salaam.

Aliporudi kutoka chakulani alipiga kelele moja fupi. Alitoka na kijaluba mkononi, uso umempauka.

"Kimekula barua yangu! Kurasa tatu!"

Ethel alisimama. Angeweza kunyamaza. Mashine ingelaumiwa, umeme ungelaumiwa. Ila alikumbuka watu themanini walivyogeuka kumtazama, akaona hawezi kumbebesha mwingine kosa kama lile, hata kama huyo mwingine ni wa plastiki.

"Ni mimi, Bwana Mratibu. Nimeiamuru kompyuta ishinde, ili orodha ikae sawa. Barua yako sikujua kama imo. Nisamehe kwa hiyo barua. Kwa orodha siombi radhi."

Mratibu alikigeuza kijaluba mkononi.

"Wewe? Wewe umeingia kwenye mfumo?"

"Ukurasa wa sabini na mbili."

"Haiwezekani," alisema Mratibu. "Wewe ni mchapaji."

Hivyo hata kosa lake hakupewa. Mratibu aliamua kwamba Ethel amekigusa kifaa ovyo kikachanganyikiwa, na kwamba kugusa ovyo kunastahili barua ya onyo. Kwa kuwa barua hiyo ilikuwa ya siri, na katibu muhtasi wa kumchapia siri ni yuleyule Ethel, aliona aiandike mwenyewe ndani ya kijaluba. Ilimchukua saa mbili na nusu. Alikikalisha kitini, akabonyeza kitufe, akaenda kwenye printa kuisubiri. Kompyuta, iliyokuwa imeamriwa kushinda daima, haikuwa na barua kama hiyo. Ikaiondoa.

Siku ya pili akaiandika tena, kali zaidi. Ikaondolewa.

"Nilikuambia kuhusu ile alama," Ethel alisema kutoka mezani kwake, bila kugeuka.

"Tafadhali, Mama Cecil, usiingilie mambo ya kiufundi."

Siku ya tatu Mratibu alimwita ofisini, akafunga mlango, akamsomea kwa mdomo barua ya kumwonya yeye mwenyewe, naye akaiandika kwenye daftari na kwenda kuichapa. Alimrekebishia sentensi mbili zilizokuwa zinaelea bila kitenzi. Alitoa nakala tatu, akapiga mhuri, akasaini kwamba ameipokea, akaiweka moja kwenye faili lake. Ilikuwa barua nzuri. Katika maisha yake ya kazi, ilikuwa barua mbaya ya pili aliyojichapia, na zote mbili zilikuwa safi kabisa.

Mwezi wa tisa wafadhili walimtuma mwakilishi wao, mama mrefu mwenye kofia pana. Kikao kikaitishwa tena Newala, ukumbi uleule, watu zaidi ya mara ya kwanza. Mratibu akasimama, akakitoa kijaluba, akasubiri mgeni apige picha, kisha akasoma.

"Namba moja. Namkonda."

Ethel alimwangalia usoni. Hakuna kilichobadilika. Aliisoma kwa sauti ileile, na kwa uhakika uleule, kama alivyosoma ile nyingine, na pengine angesoma hivyohivyo majina ya wafalme wa Israeli kama ndiyo yangetokea kwenye kioo. Shangwe zililipuka. Mwanasha alipiga kigelegele kikaisha pumzi, akaanza kingine. Mama wa kofia akamuuliza Mratibu amewezaje kutunza takwimu za vijiji vyote hivyo, naye akakiinua kijaluba juu bila kujibu, kwa unyenyekevu.

Wakati wa soda Mwanasha alimfuata Ethel pembeni.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Hongereni."

"Siku ile alisema umekosea. Leo kimesoma sawa. Nani amekitengeneza?"

Ethel akatazama soda yake. "Mimi."

"Nilijua," alisema Mwanasha. "Yule hana mikono ya kutengeneza kitu." Akamshika mkono, akaushikilia. Ethel alikaa na joto la mkono ule mpaka gari likafika Masasi.

Katika taarifa ya mwaka kulikuwa na kipengele cha mafunzo yaliyopatikana. Kilisema kwamba, kutokana na matumizi ya teknolojia ya kiganjani, orodha ya vijiji ilibaki sahihi wakati wote. Ethel ndiye aliyeichapa sentensi hiyo. Aliichapa kama ilivyo, akaongeza mkato uliokuwa umesahaulika. Mratibu alialikwa Arusha tena, safari hii kufundisha, na mwaka uliofuata akapata ile kazi ya Dar es Salaam, baada ya kumwomba Ethel aichape barua ya maombi kwa mkono wake, kwenye kompyuta, polepole. Siku ya kuaga alimwamkia shikamoo. Huenda alisahau.

Mkataba wa Ethel haukuongezwa, kwa sababu za kimuundo. Muundo wenyewe haukuelezwa. Alinunua mashine ya zamani ya kuchapia kutoka kwa padri mmoja wa Ndanda, akakodi nusu ya banda karibu na soko la Masasi, na watu wakawa wanamletea barua za maombi ya kazi, za mashamba, na za kesi za mikorosho.

Bomba lilifika Namkonda Novemba 2002. Hakualikwa, lakini alisikia, akapanda gari la abiria kwa gharama yake. Utepe ulikuwa umeshakatwa wiki moja kabla na wageni walikuwa wameshaondoka. Alikuta kilula cha saruji chenye bomba linalotoa maji, foleni ya ndoo inayozunguka mpaka kwenye mikorosho, na wanawake wawili wanagombana nani alitangulia, wanagombana kwa nguvu zote, kama watu waliokuwa wamelala vizuri.

Mwanasha alimwona, akapaza sauti apishwe mbele.

"Hapana," alisema Ethel. "Nani wa mwisho?"

Mwanamke mmoja aliyebeba mtoto mgongoni akainua mkono. Ethel akaenda kusimama nyuma yake.